Kujaribu kiuagugu kipya katika shamba la mizabibu
Mkulima wa zabibu wa Dodoma anayetaka kutumia kiuagugu kipya, hata kama kimesajiliwa, asikipulizie shamba zima mara ya kwanza, bali achague mistari miwili ya mizabibu iliyokomaa na kuacha mmoja kati yake bila dawa, ili awe na cha kulinganisha. Kabla ya kupulizia aondoe machipukizi yote yaliyo chini ya shina, kwa kuwa kiuagugu kama glaifoseti hupenya kupitia sehemu za kijani, na madhara yake huweza kujitokeza hata msimu unaofuata. Dawa za 2,4-D, aina nyingine ya viuagugu, ningeziepuka kabisa, maana hupeperuka na kudhuru mizabibu ya jirani pia. Gugu la ndago likaguliwe tena baada ya wiki kadhaa, kwani huchipua upya kutoka kwenye viazi vyake vidogo vya ardhini.