Kukagua virusi kwenye diski ya nje: anza na kompyuta yenyewe

Umechomeka eksteno, folda zako zote zimegeuka shotikati za kilobaiti moja au mbili, na mkono tayari uko kwenye kitufe cha kufuta. Subiri. Diski haijiendeshi. Virusi vinavyoandika hizo shotikati mara nyingi viko hai ndani ya kompyuta, vikisubiri diski au flashi yoyote ichomekwe ili viiandike upya ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana mtu anasafisha asubuhi na jioni zimerudi, kisha anailaumu antivairasi. Safisha kompyuta kwanza, diski ikiwa imechomolewa. Ukimaliza ndipo uishike diski.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11 zenye Microsoft Defender. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini. Kama umeweka antivairasi nyingine, Defender hujizima yenyewe. Tumia hiyo uliyoweka, wala usilazimishe zote mbili zifanye kazi kwa pamoja, zitagombania faili zilezile na mashine itakwama.

Kompyuta kwanza

Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", bofya "Check for updates". Ukaguzi kwa orodha ya virusi iliyopitwa na wakati miezi mitatu ni kazi bure, kwa hiyo kama bando ni la mawazo, litumie hapa.

Kabla ya kukagua, shuka hadi "Manage settings", kisha "Exclusions". Hii ni orodha ya mahali ambapo Defender imeambiwa isipaguse, na kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani inatakiwa iwe tupu. Mtu aliyewahi kuweka programu iliyokrekiwa au kiamshi (activator) cha Windows cha bure huenda alielekezwa aongeze folda fulani hapo, na virusi vingine hujiongeza vyenyewe. Ukikuta C:\ nzima imo, basi ukaguzi wote uliowahi kufanya ulikuwa kiini macho. Ondoa kila usichokijua.

Sasa hifadhi kazi zako, rudi kwenye "Scan options" na uchague "Microsoft Defender Offline scan". Mashine itazima na kuwaka, kisha itakagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo virusi vinavyojificha Windows ikiwa inaendeshwa havina pa kukimbilia. Huchukua kama dakika 15. Ikiwaka, fungua "Protection history" uone kilichokamatwa.

Kwa virusi vya shotikati hasa, angalia mambo mawili zaidi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda kichupo cha "Details" na utafute wscript.exe. Hiyo ni programu halali ya Windows ya kuendeshea skripti, ila ikiwa inaendeshwa muda wote bila sababu, kuna faili la .vbs au .js nyuma yake. Izime kwa "End task". Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `shell:startup`, na ufute skripti yoyote yenye jina la ajabu. Kichupo cha Startup cha Task Manager nacho kipitie. Zima na uwashe, uone kama wscript imerudi. Ikirudi, inaamshwa kutoka kwingine; fungua Task Scheduler utafute kazi inayoita faili la .vbs.

Kuchomeka diski bila kuiamsha

Zamani faili la autorun.inf lilitosha kuwasha virusi mara tu flashi inapoingia, na Conficker ya mwaka 2008 ilitumia mlango huo. Windows 7 iliufunga kwa vifaa vya USB, na Februari 2011 Microsoft ikazipelekea XP na Vista sasisho la kufanya vivyo hivyo. Siku hizi virusi vinahitaji ubofye wewe. Ndiyo sababu vinaficha folda zako na kuweka shotikati yenye jina na picha ileile: unabofya "Picha za harusi", folda inafunguka kama kawaida, huku nyuma skripti nayo imeanza kazi. Raspberry Robin, iliyogunduliwa mwaka 2021, inasambaa kwa mtindo huohuo wa faili la .lnk, yaani shotikati, kwenye USB.

Mlango mmoja ulikuwa wa hatari zaidi: Stuxnet, mwaka 2010, iliingia kwa mtu kutazama tu ikoni ya shotikati, bila kubofya. Kiraka chake kilitoka Agosti mwaka huohuo. Funzo lake kwa nyumbani ni kutoziacha sasisho za Windows, na wenye Windows 10 wakumbuke kuwa msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Zima AutoPlay: Settings, "Bluetooth & devices", "AutoPlay". Kwenye Windows 10 iko chini ya "Devices". Halafu chomeka diski na usibofye kitu ndani yake. Angalia tu imepewa herufi gani. Hapa tutaiita E:.

Tumia tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la bluu au lina alama SS. Tofauti si ndogo. Diski ya GB 500 iliyojaa, kwa USB 2.0 inayosoma kama MB 40 kwa sekunde, inahitaji karibu saa tatu na nusu kusomwa yote. Kwa USB 3.0, MB 100 kwa sekunde, ni chini ya saa moja na nusu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwani ya mbele wakati mwingine hayana umeme wa kutosha na diski hujikata katikati ya kazi. Zuia pia kompyuta isilale, na kama umeme wa kwenu si wa kuaminika, kagua kwa laptopu yenye chaji.

Ikiwa diski inalia tik-tik au inapotea na kurudi, acha. Hiyo ni diski inayokufa, na ukaguzi unaoisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho unaweza kuimalizia. Ipitishe kwenye CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski; ukiona namba inapanda kwenye "Current Pending Sector Count", toa nyaraka za muhimu kwanza, virusi utavikagua kwenye nakala.

Ukaguzi wenyewe

Njia rahisi: "Scan options", "Custom scan", "Scan now", kisha uchague E:. Usitegemee "Full scan", kwa sababu mipangilio ya kawaida ya Defender huruka vifaa vinavyotambuliwa kuwa vya kuchomolewa, kama flashi. Ukichagua E: kwa jina, hakuna ubishi.

Njia tunayoipendelea kwa diski yenye nakala pekee ya kazi za mtu ni ya amri, kwa sababu inaorodhesha bila kugusa. Tafuta cmd, bofya kulia, chagua "Run as administrator", uandike:

`"C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 3 -File E:\ -DisableRemediation`

Neno la mwisho linaiambia Defender isifute wala kutenga chochote. Pia linaifanya ipuuze zile exclusions na kufungua faili za zip. Soma orodha, nakili unachotaka kukiokoa, kisha rudia amri bila neno hilo ili isafishe.

Filamu kubwa hazichukui muda mrefu. Kinachokula saa ni maelfu ya faili ndogo na zip zilizobanana. Zip zenye nywila hazikaguliwi ndani kabisa, na matokeo hayatakwambia kwa sauti kubwa. Hizo zifungue na uzikague moja moja.

Kurudisha folda zilizofichwa

Antivairasi huondoa virusi lakini mara nyingi haigusi alama za "hidden" na "system" zilizowekwa kwenye folda zako. Hapo ndipo mtu hukuta diski inaonekana tupu huku GB 300 zimetumika, akaogopa na kuifomati. Data ipo. Kwanza tazama vyote vilivyomo:

`dir /a E:\`

Futa shotikati zilizo kwenye ngazi ya juu tu, kisha ondoa alama:

`del /a /q E:\*.lnk`

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Hakikisha herufi mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Ukikosea ukaandika C: utafichua faili za mfumo ambazo zimefichwa kwa sababu nzuri. Amri ya pili inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kuonyesha chochote, iache. Ujumbe wa "Access denied" kwenye System Volume Information ni wa kawaida.

Wakati mwingine inatokea folda isiyo na jina, au yenye nafasi tupu mahali pa jina. Usiifute! Baadhi ya virusi huhamishia data yako yote humo. Ingia, kata kila kitu, ukibandike nje, ndipo uiondoe.

Katika kutazama kwa macho, washa "File name extensions" na "Hidden items" kwenye menyu ya View. Picha ya folda yenye mwisho wa .exe si folda. "Mkataba.pdf.exe" si mkataba. Shotikati unayoitilia shaka ibofye kulia, "Properties", usome "Target": ikianza na cmd, wscript, au msiexec badala ya njia ya kwenda kwenye folda yako, umemkamata mwizi. Lakini System Volume Information, $RECYCLE.BIN na FOUND.000 ni za Windows yenyewe, ziache.

Faili moja linalotiliwa shaka

Kabla ya kulipakia VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa mpigo, kumbuka kuwa unachopakia huko kinafika kwa kampuni za usalama na wateja wao. Hati ya kiwanja au vyeti vya shule visiende. Toa alama ya kidole ya faili:

`certutil -hashfile "E:\faili.exe" SHA256`

Nakili ile namba ndefu uitafute kwenye tovuti yao. Faili lenyewe halitoki nyumbani. Antivairasi moja au mbili zisizojulikana zikilalamika peke yake, mara nyingi ni kelele. Zikilalamika thelathini, futa.

Ukitaka maoni ya pili kwa diski nzima, Microsoft Safety Scanner ni ya bure na haihitaji kusakinishwa, ila huisha muda siku 10 baada ya kuipakua. Wenye Ubuntu wanaweza kutumia ClamAV:

`sudo apt install clamav`

`clamscan -r -i /media/`

Ukijaribu `sudo freshclam` ukaambiwa faili la kumbukumbu limefungwa, huduma yake tayari inapakua sasisho kwa nyuma. Subiri dakika chache tu. Clamscan haifuti kitu usipoiamuru, na skripti za Windows hazina nguvu humo, kwa hiyo ni mahali salama pa kutolea nyaraka kwenye diski iliyooza.

Kama faili zako zimepewa mwisho mpya usioujua na kuna barua ya kudai pesa, hiyo ni ransomware. Chomoa diski papo hapo. Ukaguzi utaondoa programu lakini hautafungua faili. Usizifute, angalia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na McAfee, ambako kuna funguo za bure za baadhi ya aina zake.

Ukimaliza yote, toa diski kwa "Eject", washa upya kompyuta, ichomeke tena na urudie `dir /a E:\`. Shotikati mpya zikijitokeza, kompyuta bado ni chafu na unarudi mwanzo. Zisipojitokeza, kusanya flashi zote za nyumbani na kadi za memori zilizowahi kupita kwenye mashine ile, hata ile ya kurushia nyimbo dukani, uzikague siku hiyohiyo.