Okidi chui: ifunge juu ya mti, usiizike

Okidi chui, kitaalamu Ansellia africana, haitaki udongo. Huku pwani utaiona juu ya mibuyu na mikoche, maua yake ya manjano yametapakaa madoa ya kahawia. Mche wangu wa kwanza niliupanda kwenye samadi nikaumwagilia kila jioni. Mizizi ikaoza yote.

1. Mche. Nunua kwa mtu anayegawa kichaka chake mwenyewe. Tafadhali usiende kuibandua porini. Inapungua kwa sababu hiyo hiyo, na biashara ya okidi za porini kuvuka mipaka inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Chagua kipande chenye mashina 3 au 4. Palipokatwa paache pakauke kivulini siku chache.

2. Kufunga. Tafuta tawi nene la mwembe lenye gome la kukwaruza, linalopata jua la asubuhi. Loweka makumbi ya nazi siku kadhaa, ukibadilisha maji mpaka yaache kutoa rangi. Tandika kiasi kidogo, egemeza mche, kaza kwa kamba. Ukiushika usicheze hata kidogo, maana ncha ya mzizi mpya ni laini, na ikisuguliwa hufa. Kama huna mti, chungu chenye matundu mengi na vipande vya mkaa vinatosha.

Ikishashika utaona ajabu: mizizi mingine myembamba, myeupe, migumu kama sindano, inaota kuelekea juu. Usiipogoe! Hilo ndilo kapu lake la kudakia majani makavu, ambayo yakioza huilisha. Mimi huokota majani ya mwembe chini nikayadondosha humo.

3. Maji. Machipukizi yanapokua, mwagilia asubuhi, mizizi iwe imekauka kabla ya jioni. Mvua ikinyesha, acha.

4. Kiu. Mashina yakishakomaa na majani mapya yakikoma kutoka, punguza maji sana. Mara moja kwa wiki au hata chini ya hapo. Hapa wengi huingiwa na huruma wakachukua ndoo. Jizuie, kwa sababu mapumziko hayo makavu ndiyo yanayoiandaa kuchanua.

Kikonyo cha maua hutoka kwenye ncha ya shina. Na lile shina la zamani lililobaki bila majani, usilikate likiwa bado gumu na la kijani: limehifadhi maji na chakula, na linaweza kuchanua tena.