Somo: Kuboresha matangazo ya bidhaa ya duka la mtandaoni, kuanzia kwenye taarifa hadi kwenye zabuni

Matangazo ya bidhaa ya Google, yale yanayotokea pamoja na majibu ya utafutaji yakiwa na picha, bei na jina la duka, hayaendeshwi kama matangazo ya maandishi. Katika matangazo ya maandishi mwenye duka huchagua maneno anayotaka kuyalipia, ilhali katika haya ya bidhaa hakuna mahali pa kuyaandika. Google husoma taarifa ulizopakia Merchant Center, yaani akaunti ya Google ambamo duka huweka orodha ya bidhaa zake, kisha huamua yenyewe ni utafutaji gani unaolingana na bidhaa yako. Kwa sababu hiyo, mwenye duka ambaye tangazo lake haliuzi na ambaye hukimbilia kuongeza bajeti anazilipia zaidi taarifa zilezile zilizomwangusha. Somo hili linaanza na taarifa, linafuata hesabu ya faida, na kampeni inakuja mwisho.

Mfano wetu ni duka la kubuni la vyombo vya jikoni lililoko Nairobi, lenye tovuti yake na linalouza kwa shilingi za Kenya.

Hatua ya kwanza: Ondoa vikwazo kwenye akaunti

Fungua Merchant Center uangalie bidhaa zilizokataliwa kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Sababu inayojirudia sana ni bei: faili la bidhaa, yaani orodha unayoipakia Merchant Center, linasema shilingi 2,300 na ukurasa wa bidhaa unasema 2,500, kwa kuwa mtu alibadilisha bei kwenye tovuti akasahau faili. Kwa soko la Kenya bei inayoonyeshwa inapaswa kuwa na VAT ya asilimia 16 ndani yake, si kumshtua mteja nayo wakati wa kulipa. Hali ya upatikanaji nayo lazima ilingane, yaani bidhaa iliyokwisha ghalani isitangazwe kuwa ipo. Kumbuka pia kwamba taarifa zisizohuishwa kwa siku 30 huisha muda wake na bidhaa hutoweka kwenye matangazo bila ya wewe kufanya lolote.

Hakikisha kwamba tovuti ina njia za kuwasiliana zinazofanya kazi, masharti ya kurudisha bidhaa, na gharama za usafirishaji zilizoandikwa wazi.

Hatua ya pili: Andika upya majina ya bidhaa

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Jina la bidhaa linaruhusiwa kufika herufi 150, lakini kwa kawaida mtafutaji huona takriban 70 za mwanzo, na kwenye simu mara nyingi huona pungufu ya hizo. Jina pia ni miongoni mwa taarifa ambazo Google huzitegemea sana katika kulinganisha bidhaa na utafutaji. Kwa hiyo kinachotangulia ni kile ambacho mnunuzi angekitaja kwanza dukani.

Duka letu lina bidhaa iliyoandikwa “SUFURIA BORA KABISA, OFA YA WIKI!!!”. Jina hilo lina makosa mawili ya kisera, yaani herufi kubwa za kupiga kelele na maneno ya ofa, na lina upungufu mmoja wa kibiashara ulio mzito zaidi, kwamba halisemi chochote kuhusu sufuria yenyewe. Liandikwe hivi: “Sufuria ya aluminiamu yenye mfuniko, lita 5, sentimita 24, kwa gesi na jiko la mkaa”. Mtu anayetafuta sufuria ya lita 5 sasa ana njia ya kuifikia, na asiyetaka aluminiamu ataona mapema asibofye bure kwa gharama yako.

Mpangilio wa maneno hutegemea aina ya bidhaa. Kwa vifaa vya umeme, chapa na modeli vitangulie, maana mnunuzi huja akiwa ameshaichagua modeli. Kwa nguo, taja aina, jinsia, rangi na saizi. Kwa bidhaa isiyo na chapa inayojulikana, aina ya bidhaa ikae mbele na jina la duka lako liache kabisa, kwa kuwa linaonekana tayari chini ya tangazo.

Usibuni maneno kichwani. Baada ya kampeni kukaa wiki chache, fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, soma jinsi wateja wanavyokiita chombo unachouza, kisha uyahamishie maneno hayo kwenye jina na kwenye maelezo. Maelezo yana nafasi ya herufi 5,000, lakini sentensi chache za mwanzo zilizoandikwa kwa uangalifu zinashinda ukurasa mzima wa sifa zisizopimika.

Sufuria ya lita 3, ya lita 5 na ya lita 8 ziingizwe kama bidhaa tatu zinazounganishwa na namba moja ya kundi katika sehemu iitwayo item_group_id, kila moja ikiwa na bei yake na kiungo kinachofungua ukubwa huohuo.

Hatua ya tatu: Picha

Bidhaa ionekane nzima, kwenye mandhari meupe au mepesi, kwa picha yenye pikseli 800 au zaidi kila upande. Maduka yetu mengi hupiga chapa ya namba ya simu juu ya picha ili isiibwe, na hofu hiyo inaeleweka, lakini picha yenye maandishi ya kibiashara au alama ya duka juu yake hukataliwa. Weka picha safi kwenye faili la bidhaa na uiache ile yenye namba ibaki WhatsApp.

Hatua ya nne: Namba za utambulisho

Bidhaa ya kiwandani huwa na namba ya GTIN, ambayo ndiyo ile iliyo chini ya mistari ya bakodi kwenye pakiti. Iingize kama ilivyo. Google huitumia kutambua kwamba unauza kitu kilekile kinachouzwa na wengine, na hivyo hukijua vizuri zaidi. Namba zinazoanza na 616 zimetolewa kupitia GS1 ya Kenya, tawi la shirika linalosajili namba za bakodi, na zinazoanza na 620 kupitia GS1 ya Tanzania. Tarakimu hizo huonyesha namba ilikosajiliwa, wala si lazima ziwe ushahidi wa mahali bidhaa ilipotengenezwa. Kama unauza vikapu vilivyosukwa kwa mkono, visivyo na GTIN wala chapa, tamka hivyo katika sehemu ya identifier_exists kwa kuandika “no”. Usinakili namba ya bidhaa nyingine ili kujaza nafasi.

Hatua ya tano: Jua kila mbofyo unaweza kugharimu kiasi gani

Chukua sufuria ya shilingi 2,500. Ukiondoa VAT, duka linabaki na takriban 2,155. Ondoa bei ya kununulia bila VAT, tuseme 1,400, kisha kufungasha na ada ya malipo 95, kisha mchango wa duka katika usafirishaji 160. Zinabaki shilingi 500, na humo ndimo tangazo lilipwe na faida itoke.

Kama katika wateja 50 wanaobofya mmoja hununua, mbofyo wa shilingi 10 unameza faida yote. Ukitaka kubaki na nusu, mbofyo usizidi shilingi 5. Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa kuwa mapato kwa gharama ya tangazo, kama mfumo wako unavyoionyesha, mauzo ya 2,500 kwa matangazo ya 500 ni asilimia 500. Hapo duka halipati wala halipotezi. Mwenye duka anayeona asilimia 400 kwenye skrini akashangilia ametumia shilingi 625 kuuza sufuria moja, na amepoteza 125 kwa kila sufuria iliyotoka. Ni kosa linaloonekana kama mafanikio kwa sababu namba ni kubwa.

Sasa ongeza desturi ya kulipa baada ya kupokea mzigo. Tuseme mibofyo 500 imeleta oda 10, wateja wanane wamepokea na wawili wamekataa mlangoni, na kila safari ya bure ya bodaboda imegharimu 300. Faida ya oda nane ni 4,000, ukitoa 600 zinabaki 3,400, na mpaka wa mbofyo umeshuka kutoka shilingi 10 hadi 6 na senti 80. Duka linalokubali malipo ya mlangoni haliwezi kutumia hesabu ya duka linalolipwa kwa M-Pesa kabla ya mzigo kutoka.

Hatua ya sita: Rekodi mauzo ya kweli

Mfumo wa zabuni, yaani ule unaopanga bei utakayolipia kila mbofyo, hujifunza kutokana na mauzo unayoyarekodi. Wateja wengi wa kwetu hubofya tangazo, husoma ukurasa, halafu humalizia oda kwa WhatsApp au kwa kupiga simu, na mauzo hayo hayaonekani popote, hivyo mfumo huamini kwamba bidhaa hiyo haiuziki na huacha kuionyesha. Njia nyepesi ni kurahisisha ukurasa wa malipo ili watu wamalizie hapohapo. Njia ya pili ni kuhifadhi alama ya mbofyo iitwayo GCLID pamoja na oda, kisha kupakia mauzo yaliyokamilika nje ya tovuti. Oda zilizokataliwa mlangoni nazo zifutwe kwa kupakia marekebisho, la sivyo utaufundisha mfumo kukutafutia watu wa kuagiza wasionunua.

Hatua ya saba: Panga kampeni kwa faida

Faili la bidhaa lina lebo tano za hiari, custom_label_0 hadi custom_label_4. Tumia moja kugawa bidhaa kwa kiwango cha faida, kisha kila kundi lipewe zabuni yake. Sufuria inayobakiza 500 na kijiko kinachobakiza 40 haviwezi kukaa kapu moja.

Tangu mwaka 2022 Performance Max, aina ya kampeni ambayo Google huiendesha yenyewe kwa sehemu kubwa, imechukua nafasi ya kampeni za Smart Shopping, na Google huipendekeza kwa nguvu. Mimi ningemshauri anayeanza atumie kwanza kampeni ya kawaida ya Shopping, ambayo humwonyesha waziwazi maneno yaliyotafutwa na kumruhusu kuzuia yasiyofaa. Akishakuwa na mauzo ya kutosha yaliyorekodiwa vizuri, na aijaribu Performance Max.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mombasa:* Habari mwalimu. Ninauza leso, na nina wateja Tanzania pia ambako wengi husema kanga. Nitumie jina lipi, na kwa lugha gani?

*Jibu:* Lugha ya faili lazima iwe lugha ya ukurasa wa bidhaa, hivyo usiandike jina kwa lugha moja na ukurasa kwa nyingine. Kuhusu jina, weka yote mawili mradi lisomeke kama sentensi ya muuzaji, kwa mfano “Leso ya pamba, doti ya kanga yenye methali, nyekundu na nyeusi”. Kwa soko la Tanzania bei iwe kwa shilingi ya Tanzania na gharama ya usafirishaji wa huko iwekwe. Kama hupeleki mizigo huko, usitangaze huko.

*Mwanachama wa Arusha:* Shikamoo mwalimu. Akaunti yangu imesimamishwa kwa madai ya kupotosha wateja, nami sijamdanganya mtu. Je, nifungue nyingine kwa barua pepe mpya?

*Jibu:* Marahaba. Usifungue. Akaunti mpya ya duka lilelile itahesabiwa kuwa njama ya kukwepa sera, na kosa la pili ni zito kuliko la kwanza. Pitia tovuti yako kama mgeni: jina la biashara lilingane kila mahali, anwani na simu ziwe za kweli, masharti ya kurudisha bidhaa yawepo, na madai kama “nambari moja Afrika Mashariki” yaondoke. Ukimaliza yote ndipo uombe ukaguzi, si kabla.

*Mwanachama wa Nakuru:* Ninapata mibofyo mingi kila siku lakini mauzo hakuna. Ninapunguza zabuni au ninaongeza?

*Jibu:* Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo. Tafuta bidhaa yako mwenyewe na uangalie matangazo yaliyo jirani, maana mteja huona bei yako ikiwa bega kwa bega na za wenzako kabla hajabofya. Kama bei ni ya ushindani, fuata njia ya mteja kwa simu ya kawaida na data ya kawaida uone kama ukurasa unafunguka upesi, na kama gharama ya usafirishaji inajitokeza mwishoni tu. Kisha soma ripoti ya maneno. Ukikuta watu wanatafuta “mitumba”, “bei ya jumla” au “kutengeneza”, na wewe unauza kipya kimoja kimoja, yaingize maneno hayo kwenye orodha ya kuzuia leo hii.

*Mwanachama wa Kisumu:* Naweza kupandisha bei kwa siku mbili ili nikiirudisha ionekane kama punguzo?

*Jibu:* Haitafanya kazi. Ili Google ionyeshe bei ya zamani ikiwa imekatwa mstari, bei hiyo lazima iwe imetumika kwa jumla ya siku 30 ndani ya siku 200 zilizopita, na punguzo liwe zaidi ya asilimia 5 na chini ya 90. Punguzo la kweli liweke kwenye sehemu ya sale_price na uiache bei ya kawaida mahali pake.

*Mwanachama wa Dodoma:* Sina bajeti ya matangazo kabisa. Je, kazi hii ya majina na picha ina faida kwangu?

*Jibu:* Inayo. Mwaka 2020 Google ilianza kuonyesha bidhaa bila malipo kwenye sehemu yake ya Shopping, ikianzia Marekani na kuendelea kwingineko, na orodha hizo husoma faili lilelile la bidhaa. Fanya hatua nne za kwanza na uziwashe orodha za bure ndani ya Merchant Center. Siku utakapopata fedha, bidhaa zilizokwisha kuuzwa kwa njia hiyo ndizo za kuanza kuzilipia.