Somo: Kuharakisha programu ya kuchakata pakiti kwa DPDK bila kuifunga kwenye kadi moja

Fremu ya baiti 64, ukijumlisha baiti 20 za utangulizi na nafasi kati ya fremu, inakuwa baiti 84 juu ya waya. Kwenye laini ya gigabiti 10 hiyo ni fremu 14,880,952 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 67.2. Kiini cha prosesa cha GHz 3 kina mizunguko 201 hivi ya kuimaliza kabla nyingine haijabisha hodi. Data isipokuwemo kwenye kashe, safari moja tu ya kwenda RAM inakula nanosekunde 70 hadi 100. Ukikosa kashe mara moja kwa kila pakiti, hesabu imeshakataa.

Fremu za baiti 1518 ni 812,743 tu kwa sekunde kwenye laini ileile. Ndiyo maana programu iliyopimwa kwa faili kubwa inaonekana inajaza gigabiti 10, kisha inaanguka siku trafiki ya DNS au simu za intaneti inapoongezeka. Pima kwa pakiti kwa sekunde, si kwa gigabiti.

Somo hili ni la DPDK kwenye Linux, yaani maktaba zinazoiwezesha programu kuzungumza na kadi ya mtandao moja kwa moja, kwa kawaida bila pakiti kupita kwenye kerneli (moyo wa mfumo endeshi). Kanuni inayorudi humu ndani ni moja: iulize kadi inachoweza, usikisie. Ndiyo inayoleta kasi, na ndiyo inayofanya programu ihamie seva nyingine bila kufa.

Hatua ya 1: Kagua njia ya kadi

Anza na nafasi ya PCIe, yaani tundu la ubao mama ambamo kadi imechomekwa (3b:00.0 ni anwani ya kadi ya mfano huu, weka ya kwako):

lspci -s 3b:00.0 -vv | grep -E 'LnkCap|LnkSta'

LnkCap ni uwezo wa kadi, LnkSta ni ilichopewa kweli. Nafasi ya kizazi cha 3 yenye njia 8 inapitisha takriban gigabiti 63 kwa sekunde kabla ya kutoa gharama za itifaki yake. Kadi ya gigabiti 100 ikikaa hapo haitafika, hata ukiandika upya programu nzima. Nafasi nyingine zina urefu wa x16 lakini zimeungwa waya wa x8, LnkSta haidanganyi.

Kisha soketi ya prosesa ambayo kadi imeungwa nayo (soketi pamoja na kumbukumbu iliyo karibu nayo ndiyo nodi):

cat /sys/bus/pci/devices/0000:3b:00.0/numa_node

Ikijibu 1, viini na kumbukumbu vitoke nodi 1. Ikijibu -1, seva haijatangaza nodi ya kadi hiyo, na kwa kawaida utaiona kwenye mashine pepe au seva ya soketi moja. Kosa la nodi halitoi ujumbe wowote. Programu inafanya kazi, ila kila pakiti inavuka daraja la soketi mbili.

Hatua ya 2: Kurasa kubwa na viini vilivyotengwa

Gigabaiti 1 ya kumbukumbu ni kurasa 262,144 za kilobaiti 4, lakini ni kurasa 512 tu za megabaiti 2. Jedwali dogo la prosesa la kutafsiri anwani haliwezi kubeba idadi ile ya kwanza. Kama /proc/cpuinfo ina bendera ya pdpe1gb, tumia kurasa za gigabaiti 1. Katika /etc/default/grub:

GRUB_CMDLINE_LINUX="default_hugepagesz=1G hugepagesz=1G hugepages=8 intel_iommu=on iommu=pt isolcpus=2-7 nohz_full=2-7 rcu_nocbs=2-7"

Endesha update-grub, washa seva upya, kisha thibitisha kwa grep Huge /proc/meminfo. Kwenye seva ya soketi mbili, hizo 8 zinagawanywa 4 kwa 4. Programu ikihitaji 6 upande mmoja itagoma kuanza ingawa jumla inatosha.

Angalia pia viini pacha kwenye /sys/devices/system/cpu/cpu2/topology/thread_siblings_list. Pacha wawili wanagawana kashe ya kwanza na vitengo vya hesabu, kwa hiyo usimpe mmoja pakiti na mwenzake hifadhidata. Weka na cpupower frequency-set -g performance.

Hatua ya 3: Ikabidhi kadi kwa vfio-pci

vfio-pci ni draiva ya kerneli inayoiachia programu yako kadi.

modprobe vfio-pci
dpdk-devbind.py --status
dpdk-devbind.py -b vfio-pci 0000:3b:00.0

Hakikisha si kadi unayoingilia kwa SSH. dpdk-devbind.py inakataa kadi yenye njia hai kwenye jedwali la kerneli, na wengi wanapoona onyo hilo wanabandika --force, dakika hiyohiyo wanajikuta nje ya seva yao wenyewe. Na ukikuta mwongozo unaotumia igb_uio (draiva ya zamani ya kazi hiyohiyo) na -w, huo ni wa kabla ya toleo 20.11: igb_uio ilitolewa kwenye DPDK kuu, na -w ikawa -a.

Hatua ya 4: Pata kipimo cha msingi kabla ya kugusa programu yako

Tumia testpmd, programu ya majaribio inayokuja na DPDK:

dpdk-testpmd -l 2-6 -a 0000:3b:00.0 -- -i --nb-cores=4 --rxq=4 --txq=4 --rxd=1024 --txd=1024 --forward-mode=macswap

Viini ni vitano kwa sababu kimoja kinashughulikia amri zako na vinne vinapeleka pakiti. Andika start, tuma trafiki, kisha show port stats all. Hapa kuna vihesabio viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. RX-missed ikipanda, kadi ilipokea pakiti lakini foleni ilikuwa imejaa: kiini hakikuwahi. RX-nombuf ikipanda, bafa (vipande vya kumbukumbu vinavyobeba pakiti) zimekwisha kwenye bwawa zinamotolewa: ama bwawa ni dogo, ama programu inavuja. Magonjwa ni mawili na dawa ni mbili. Kuongeza viini hakutibu bafa zinazovuja. Kunaficha tatizo kwa saa chache tu.

testpmd ikishindwa kufikia kasi unayoitaka, tatizo liko hatua ya 1 hadi 3. Ikifika na programu yako isifike, tatizo liko kwenye msimbo.

Hatua ya 5: Ukubwa wa foleni na bwawa

Wengi wanapoona RX-missed wanaruka hadi --rxd=4096. Piga hesabu kwanza: foleni 4 mara 4,096 mara kilobaiti 2 za kila bafa ni megabaiti 32. Kwenye prosesa za seva za Intel, kadi inaandika pakiti moja kwa moja kwenye kashe ya mwisho, lakini kwa kawaida inapewa sehemu ndogo tu ya kashe hiyo. Foleni zikizidi sehemu hiyo, pakiti zinamwagikia RAM na kila moja inakulipisha zile nanosekunde 70 na kitu. Kwa hesabu hiyohiyo 1,024 ni megabaiti 8. Anza hapo, panda kwa hatua, na rudi nyuma pakiti kwa sekunde zikianza kushuka.

Bwawa lihesabiwe, lisikadiriwe kwa macho. Foleni 4 za kupokea na 4 za kutuma zenye nafasi 1,024 zinaweza kushika bafa 8,192. Viini 4 vyenye akiba ya bafa 256 kila kimoja vinaweza kukalia 1,536 nyingine, kwa kuwa akiba huruhusiwa kufika mara moja na nusu ya ukubwa wake. Jumla 9,728, kabla ya zile programu yako inazozishikilia kwa kuunganisha vipande vya IP. Chagua 16,383: mbili kwa kipeo cha 14 toa moja, ndiyo idadi inayotumia kumbukumbu vizuri zaidi.

Hatua ya 6: Msimbo wa kitanzi

Pokea kwa mkupuo wa pakiti 32 ili gharama ya kuzungumza na kadi igawanywe. Ondoa printf, malloc na kufuli ndani ya kitanzi. Baada ya hapo tazama mistari hii, kwa sababu uvujaji mwingi wa bafa unaanzia hapa:

n = rte_eth_rx_burst(port, q, pkts, 32);
/* kazi yako */
t = rte_eth_tx_burst(port, q, pkts, n);
if (t < n)
    rte_pktmbuf_free_bulk(&pkts[t], n - t);

rte_eth_tx_burst hairudishi kosa foleni ya kutuma inapojaa. Inarudisha idadi ndogo kuliko uliyoipa, na zilizobaki ni mali yako. Bila mistari miwili ya mwisho, kila msongamano unapoteza bafa kadhaa kimyakimya. Maabara hutaona kitu. Kazini, baada ya siku mbili tatu, RX-nombuf inaanza kupanda na mtu anawasha programu upya akidhani amemaliza.

Kuwa mwangalifu na RTE_ETH_TX_OFFLOAD_MBUF_FAST_FREE. Inaharakisha kurudisha bafa, lakini inadai bafa zote za foleni hiyo zitoke bwawa moja na kila moja iwe na mwenyewe mmoja tu. Kama unanakili pakiti kwa kushirikisha bafa, usiiwashe. Itaharibu bwawa, na programu itakufa mahali pasipohusiana kabisa na kosa.

Hatua ya 7: Ikubali kadi nyingine

Offload ni kazi ambayo kadi inaifanya badala ya prosesa. Omba zile tu ambazo kadi inaziweza:

struct rte_eth_dev_info info;
rte_eth_dev_info_get(port, &info);
conf.rxmode.offloads = nataka_rx & info.rx_offload_capa;
conf.rx_adv_conf.rss_conf.rss_hf = nataka_rss & info.flow_type_rss_offloads;

Ukiomba kisichokuwepo, rte_eth_dev_configure inarudisha -22 na programu haianzi. Ukiomba kwa njia hii inaanza, lakini sasa una wajibu wa pili: kilichokataliwa kifanywe na programu. Kadi isiyopiga hesabu ya uhakiki ya IPv4 inahitaji rte_ipv4_cksum upande wako. Andika kwenye logi yale yaliyokosekana, maana anayehamisha seva usiku anahitaji kujua kwa nini kasi imepungua. Ukubwa wa foleni nao upitishe kwenye rte_eth_dev_adjust_nb_rx_tx_desc.

Si kila kipaji cha kadi ni cha bure. Kwenye baadhi ya draiva, kuwasha kipengele kimoja au kukubali fremu kubwa zinazosambazwa bafa kadhaa kunaitoa draiva kwenye njia ya haraka inayoshughulikia pakiti kadhaa kwa amri moja ya prosesa. Ndani ya testpmd, show rxq info 0 0 ina mstari wa Burst mode. Ukisoma Scalar mahali ulipotegemea Vector, zima kimoja kimoja hadi umpate mkosaji.

Upande wa kujenga, ukitumia mpangilio wa native (unaojenga kwa amri za prosesa ya seva unayojengea) kwenye seva mpya na kuhamishia kwenye ya zamani utapata Illegal instruction. Kwa kifurushi cha kusambaza:

meson setup build -Dplatform=generic
ninja -C build

Matoleo nayo yana utaratibu. Programu iliyounganishwa na maktaba za 23.11 inaendelea na 24.03 na 24.07, lakini 24.11 inadai ujenge upya. Msimbo wa kabla ya 21.11 una majina kama PKT_RX_VLAN; siku hizi ni RTE_MBUF_F_RX_VLAN. KNI, njia ya zamani ya kupeleka pakiti kwenye kerneli, iliondolewa kwenye 23.11, hivyo pakiti za kurudisha kwa kerneli zipitishe virtio-user.

Kama huruhusiwi kuitoa kadi kwenye kerneli, programu ileile inaweza kupita kwenye AF_XDP, mlango wa haraka wa pakiti ulio ndani ya kerneli yenyewe, ulioingia Linux 4.18:

ethtool -L enp59s0f0 combined 4
--vdev=net_af_xdp0,iface=enp59s0f0,start_queue=0,queue_count=4

Mstari wa pili unawekwa mahali pa -a. Kasi itategemea kama draiva ya kerneli inaweza kukabidhi pakiti bila kuzinakili.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Arusha: Mkuu, nina foleni 4. Trafiki inayotoka intaneti inagawanyika vizuri, ila ya kutoka kwa wateja yote inaangukia foleni 0. Wateja wanaingia kwa PPPoE. Kadi ni Intel 82599.

Jibu: Umeshaonyesha ugonjwa wenyewe, mkuu. Upande wa intaneti ni IP tupu. Upande wa wateja IP imefungwa ndani ya PPPoE: kadi inakuta aina 0x8864, haijui kilicho ndani, na kila isichokielewa inakipeleka foleni 0. Hakuna mpangilio wa RSS (kadi kugawa pakiti kwenye foleni kwa hashi ya anwani na bandari) utakaoifundisha 82599. Kadi ya Intel E810 yenye kifurushi cha Comms inaisoma PPPoE. X710 nayo ina wasifu wa kupakia. Ukibaki na kadi yako, kiini kimoja kipokee tu na kugawa kwa rte_ring (foleni ya DPDK ya kupitisha pakiti kati ya viini). Kichwa cha Etheneti ni baiti 14, cha PPPoE 6, cha PPP 2, hivyo IP inaanza baiti ya 22 na anwani ya chanzo iko baiti ya 34. Ongeza 4 kama kuna VLAN. Gawa kwa hashi ya IP ya mteja ili pakiti zake zisipishane. Kiini hicho kisifanye kazi nyingine yoyote.

Swali: Ndugu, nimefunga ConnectX-5 kwa vfio-pci kama ulivyoelekeza, testpmd inasema No probed ethernet devices. Nimekosea wapi?

Jibu: Kadi za familia hiyo haziondolewi kwenye kerneli. Irudishe:

dpdk-devbind.py -b mlx5_core 0000:3b:00.0

DPDK inazungumza nayo kupitia rdma-core. Kama maktaba zake za ujenzi hazikuwepo ulipoendesha meson, draiva ya mlx5 ilirukwa bila kusimamisha ujenzi. Sakinisha, jenga upya, na usome orodha ya draiva zilizorukwa mwishoni mwa meson.

Swali: top inaonyesha viini vinne viko 100% hata usiku hakuna trafiki. Ni kawaida?

Jibu: Ndiyo. Kitanzi kinaiuliza kadi mfululizo. Kujua uzito halisi, hesabu mara ambazo rte_eth_rx_burst inarudisha 0 dhidi ya zinazorudisha 32. Zikiwa 32 karibu kila mara, kiini kimefika ukingoni.

Swali kutoka Nairobi: Ninafuatilia miunganisho. Pakiti za kwenda zinaingia foleni 1, za kurudi foleni 3, na nimelazimika kuweka kufuli kwenye jedwali. Kuna njia?

Jibu: Badilisha ufunguo wa RSS uwe 6d5a ikirudiwa hadi mwisho. Chanzo na lengo vikibadilishana nafasi, hashi inabaki ileile. Urefu usikisie: 82599 inataka baiti 40, X710 inataka 52, soma info.hash_key_size. Kuna mahali pawili ambapo ufunguo huu hautakusaidia. NAT (ubadilishaji wa anwani) ikiwa kati ya pande mbili, anwani hazifanani tena. Na vipande vya IP baada ya cha kwanza havina namba za bandari, hivyo kama hashi yako inazitumia, vipande vya UDP vinaweza kwenda foleni tofauti na kichwa chao. Kwa UDP omba hashi ya anwani peke yake, kisha uondoe kufuli.