Mbwa Anayeparamia Wageni: Namna ya Kumfundisha Abaki na Miguu Minne Chini

Nilikuwa na miezi michache tangu nianze kulipwa kwa kufundisha mbwa, pale mbwa wangu mwenyewe, Simba, aliponiaibisha mtaani. Ilikuwa Ijumaa, mvua imenyesha usiku kucha, na geti nililisahau wazi. Jirani yetu mmoja, mtu mzima, alikuwa anapita na kanzu nyeupe kuelekea msikitini. Simba akamwona, akafurahi, akachomoka mbio na kumgonga nyayo mbili za tope kifuani, kisha akamlamba mkono. Mzee hakugomba. Aliitazama kanzu, akanitazama mimi, akasema, "Haya, mwalimu wa mbwa," akageuka kurudi kwake.

Kwa asiyejua anaweza kudhani ni suala la dobi tu. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mzee alikosa safu ya mbele siku ile kwa sababu ya furaha ya mbwa wangu. Jioni nilimfuata kuomba radhi, na kesho yake nikaanza kumfundisha Simba kile ambacho wateja walikuwa wananilipa niwafundishie wa kwao.

Kwanza jua anachotafuta

Mtoto wa mbwa humsalimu mama yake kwa kumlamba mdomo. Mdomo wako uko juu, kwa hiyo anapanda. Akiwa na wiki nane anapanda, unacheka, unambeba. Miezi kumi baadaye ana kilo 30 na bado anafanya kile kile ulichomfundisha, ila sasa unamwita mkorofi.

Unaposema "Toka! Shuka! We Simba!" huku ukimsukuma, yeye anasikia kwamba umemtazama, umemsemesha na umemgusa. Hayo matatu ndiyo mshahara wake, na umemlipa wote kwa mkupuo. Kumsukuma kifuani ndio kabisa: mbwa wakicheza wao kwa wao husukumana hivyo hivyo.

Vitu vya kuandaa

Kamba ya mita mbili hivi na ukanda wa shingoni ulio mpana. Mnyororo uache kwanza, ni mzito na kelele zake zinamchanganya.

Chakula cha tuzo kiwe kitu asichokipata kwenye sahani yake. Mimi natumia maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kikiwa kimepikwa), nakata vipande vya ukubwa wa haragwe. Bajeti ikibana, dagaa wakavu wasio na chumvi wanafanya kazi hiyo hiyo. Viwe karibu na mkono, mfukoni au kibindoni, maana ukichelewa sekunde tatu kumpa, unakuwa umelipia kitu kingine alichofanya katikati.

Halafu mtembeze. Mbwa wengi wa mijini hufungwa tangu alfajiri na kufunguliwa usiku. Ukimfungua saa kumi na moja jioni na kumtaka atulie papo hapo, unamwonea. Dakika 20 za kutembea na kunusanusa ndipo somo lianze.

Hatua ya kwanza: kata mshahara

Kaa na watu wote wa nyumbani, watoto, dada wa kazi, mlinzi, na mkubaliane jambo moja: akiruka, hakuna anayemtazama, kumsemesha wala kumgusa. Geuka, mpe mgongo, kunja mikono, tazama ukuta. Miguu yote minne ikigusa chini, hata kwa sekunde moja, sema "vizuri" kwa sauti ya chini na uweke kipande cha ini ardhini, mbele ya miguu yake. Usimpe mkononi kwa juu. Chakula kikitokea chini, pua inajifunza kukaa chini, na mwili unaifuata pua.

Siku ya tatu au ya nne mambo yatakuwa mabaya kuliko mwanzo. Ataruka juu zaidi, atabweka, atakuvuta shati. Wengi huniita siku hiyo kuniambia mbinu yangu haifai. Hebu fikiria umeme ukikatika bila wewe kujua: unabonyeza swichi mara moja, mara ya pili, halafu unaibonyeza kwa hasira mara tano kabla hujakubali kwamba taa haiwaki. Mbwa naye yuko hapo. Ukikubali kumshika siku hiyo, umemfundisha kwamba bei imepanda na kwamba akiongeza nguvu atalipwa.

Kuna pia yule mjomba anayekuja Jumapili na kusema, "Mwacheni, mimi napenda mbwa." Mjomba mmoja anatosha kuharibu wiki nzima. Wanaobeti mnawajua: mkeka ukitiki mara moja katika kumi, mtu haachi. Mjomba akikataa sheria, mbwa aende bandani mpaka mjomba aondoke.

Hatua ya pili: mpe kazi nyingine

Haitoshi kumwambia asifanye nini. Anayekaa kitako hawezi kuruka, kwa hiyo mfundishe kukaa, mbali na geti, mahali patulivu.

Shika kipande puani mwake, kisha kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikiinuka, makalio yanashuka yenyewe. Yanapogusa chini tu, "vizuri", na chakula. Usimkandamize kiuno kwa mkono. Rudia mara kumi, kisha acha. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, dakika tano zinatosha. Mbwa aliyechoshwa na somo hasikii. Akishazoea mwendo wa mkono, ndipo utaje neno, tena mara moja tu. Anayesema "kaa, kaa, kaa wewe, kaa" amemfundisha mbwa kwamba amri ni hiyo ya nne.

Neno lenyewe ni hiari yako. Nashangaa jinsi mbwa wetu wengi wanavyoamrishwa kwa Kiingereza, hata na babu ambaye hajawahi kukizungumza na mtu. Kwa mbwa ni sauti tu. Lakini hakikisha nyumba nzima inatumia neno moja.

Hatua ya tatu: mgeni wa mazoezi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanaporuka hatua kwa haraka.

Funga kamba kwenye nguzo ya baraza, mbwa awe na nafasi ya kusimama na kukaa lakini asiweze kumfikia mtu. Mwombe rafiki asiyeogopa mbwa asimame hatua kumi mbele. Aanze kusogea taratibu, bila kumtazama mbwa machoni. Mbwa akiruka au kuvuta kamba, mgeni asimame na kurudi hatua mbili nyuma. Akikaa, mgeni anasogea tena. Hakuna anayesema neno. Mbwa mwenyewe anagundua kwamba makalio yake ndiyo yanayomleta mgeni, na miguu yake ya mbele ndiyo inayomfukuza.

Siku ya kwanza huenda mgeni asifike kabisa. Simba alimrudisha binamu yangu mara kumi na nne kabla ya kumruhusu apite nusu ya njia, na binamu alidai soda mbili badala ya moja. Mgeni akifika, amguse kidevuni au kifuani. Kumpigapiga utosini kunamfanya ainue kichwa, na baada ya kichwa ni miguu.

Mgeni wa kwanza akizoeleka, badilisha. Mwanamke aliyejitanda kanga inayopepea. Mtu aliyebeba mfuko wa nyama. Dereva wa bodaboda mwenye helmeti, ambaye kwa mbwa ni kiumbe kipya kabisa. Kila mgeni mpya, rudi kwenye umbali wa mwanzo. Watoto waje mwisho, na mtu mzima awe ameshika kamba, kwa sababu mtoto wa miaka minne ana kilo kama 16 na hahitaji kurukiwa mara mbili ili aogope mbwa maisha yake yote.

Usimtumie mtu kama mgeni wa mazoezi bila kumuuliza. Yule jirani yangu wa kanzu sikumwomba. Aliona mwenyewe kwa mbali, na mpaka leo anapitia upande wa pili wa barabara. Ana haki.

Hatua ya nne: geti lenyewe

Hodi ikipigwa, hakuna kufungua kabla mbwa hajashikwa kamba. Mwelekeze kwenye gunia lake kuukuu mlilomtandikia barazani, akae, alipwe, ndipo geti lifunguliwe. Huna muda wa kufundisha siku hiyo? Mfungie bandani. Kumfungia ni bora kuliko kumpa nafasi ya kuruka bure.

"Akiacha kurukia watu, atalinda kweli?"

Swali hili naulizwa karibu kila nyumba, kwa kawaida na baba mwenye nyumba, akiwa amekunja uso. Mbwa anayemrukia mgeni kwa kutikisa mkia hamlindi mtu. Anamkaribisha. Mwizi akija na kipande cha nyama atarukiwa kwa furaha ile ile. Ulinzi wa mbwa wa nyumbani ni masikio na sauti: anasikia kabla yako na anabweka. Hayo hatuyagusi katika somo hili. Mbwa aliyezoea kukutazama wewe kabla ya kumkimbilia mtu ni rahisi zaidi kumdhibiti usiku, hasa mlinzi anapobadilika.

Kwa sababu hiyo hiyo nakataa mbinu za zamani: kumpiga goti kifuani, kumkanyaga vidole, kumbana nyayo mpaka alie. Ataacha kuruka, ndiyo. Lakini atakuwa amejifunza kwamba mgeni akikaribia, maumivu yanakuja, na mbwa anayetarajia maumivu huanza kuuma yeye kwanza. Nimepelekewa mbwa wawili wa namna hiyo. Kuwarekebisha ilichukua muda mrefu kuliko mafunzo ya mbwa kumi wanaorukaruka.

Anayeruka huku mwili umekakamaa, ananguruma au anaonyesha meno, huyo hasalimii. Usitumie mwongozo huu, mwite daktari wa mifugo kwanza, maana hata maumivu ya mwili huleta ukali.

Akimkwaruza mtu

Kucha zikichana ngozi, au mate yakiingia kwenye jeraha, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya, hata kama mkwaruzo ni mdogo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa iwe hai, na kadi yake iwe mahali unapoweza kuipata usiku. Kata kucha pia, mkwaruzo unapungua sana.

Muda

Kwa uzoefu wangu, mtoto wa mbwa anaelewa ndani ya wiki tatu. Mkubwa aliyeruka miaka miwili bila kuzuiwa, mpe miezi miwili, na usimvue kamba mapema. Baada ya sikukuu, nyumba ikiwa imejaa wageni na wajomba wa kila aina, atarudia ya zamani. Rudi hatua ya kwanza kwa siku mbili au tatu, na nunua maini ya ziada.