Somo: Kukokotoa Heikin-Ashi na kuiandikia kodi (code ya kompyuta) (soma kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, "mbona Heikin-Ashi yangu haifanani na ya kwenye chati?" Swali hili limejaa inboksi. Heikin-Ashi (HA) ni mishumaa ya chati ya bei iliyolainishwa kwa wastani ili mwelekeo uonekane. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena atapewa linki ya hapa.

1. Pakua data yenye bei nne za kila mshumaa (alama ya bei ya kipindi kimoja, mfano siku): kufungua, juu, chini, kufunga. Ya zamani ianze.

2. Kufunga kwa HA: jumlisha bei zote nne, gawa kwa 4.

3. Kufungua kwa HA. Hapa tulia. Ni wastani wa kufungua na kufunga kwa mshumaa uliopita wa HA, si wa bei halisi. Wengi wanaweka shift(1) (amri ya kuchukua mstari uliopita) kwenye bei za kawaida, chati inatoka nzuri, wanaamini wamemaliza. Chukua karatasi:

Wa kwanza: 100, 112, 98, 108
Wa pili: 108, 115, 105, 112
Wa tatu: 112, 118, 109, 110

Mshumaa wa kwanza hauna uliotangulia, kwa hiyo kufungua kwake ni (100+108)/2 = 104, kufunga 104.5. Wa pili unafungua 104.25, unafunga 110. Wa tatu unafungua 107.125, unafunga 112.25: kijani (umefunga juu ya ulipofungua), na hauna utambi wa chini, yaani mstari mwembamba unaotoka chini ya mwili wa mshumaa. Ukitumia bei halisi, wa tatu unafungua 110 na unaota utambi hadi 109. Utambi huo ndio unaokutoa sokoni mapema, na haupo! Kwenye kodi hii ya Python, d ni jedwali la bei: o kufungua, h juu, l chini, c kufunga.

```
funga = (d.o + d.h + d.l + d.c) / 4
fungua = [(d.o[0] + d.c[0]) / 2]
for i in range(1, len(d)):
    fungua.append((fungua[i-1] + funga[i-1]) / 2)
```

Ndiyo, ni lupu. Acha iwe lupu.

4. Juu ni kubwa kuliko zote kati ya juu halisi, kufungua kwa HA na kufunga kwa HA. Chini, kinyume chake.

Maswali

*Mkuu, kwangu haifanyi kazi.*
Haifanyi kazi vipi? Weka kodi na bei tatu za kwanza.

*Huna iliyo tayari nikopi tu?*
Mistari minne iko hapo juu.

*Nimejaribu kwenye data ya zamani, inashinda karibu kila oda. Niweke pesa halisi?*
Usiweke. Unanunua kwa bei ya HA, na bei hiyo si ya soko. Angalia mshumaa wa pili: chini ya HA ni 104.25, wakati soko halikushuka chini ya 105. Broka gani atakuuzia hapo? Ishara chukua kwenye HA, oda ijaze kwa bei halisi ya kufungua mshumaa unaofuata, na utoe spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza).

*Mshumaa wa tatu kihalisia ni mwekundu, 112 hadi 110, ila HA inasema kijani. Sasa tumwamini nani?*
Swali zuri, umepiga hesabu kweli. Wote wawili wako sawa: HA inakuonyesha mwelekeo, na gharama yake ni kuchelewa. Kwa hiyo kiwango cha kukata hasara kiweke kwa mishumaa ya kawaida. Na ujue kosa la kufungua kwa mshumaa wa kwanza hupungua nusu kila hatua. Baada ya mishumaa 10 imebaki 1/1024. Chati zikitofautiana mwanzoni tu, usihangaike.

*Kwenye MetaTrader yangu imetoka kinyumenyume.*
Kwenye MQL4 (lugha ya kodi ya MetaTrader 4, programu ya chati na oda) namba 0 ni mshumaa wa sasa, kwa hiyo hesabu ianzie namba kubwa kushuka. MQL5 (ya MetaTrader 5) usikisie, weka ArraySetAsSeries, amri ya kupanga namba zianzie upande gani, mwenyewe.

*Mimi chati ya siku ina vimishumaa vya Jumapili, na HA inavihesabu.*
Seva ya broka wako itakuwa GMT. Saa chache za Jumapili usiku zinapewa uzito sawa na siku nzima, zinaharibu wastani. Ziunganishe na Jumatatu kabla ya hatua ya 2, au chukua data ya seva inayofunga siku pamoja na New York. Hizo huwa GMT+2, na GMT+3 majira ya joto, na hiyo GMT+3 ni saa yetu hii hii ya Afrika Mashariki.