Jinsi ya kuandaa slaidi ya kimelea cha Chagas na kukitambua (hasa we uliyezoea malale)

Wadau wa maabara, wadogo zangu wanaokuja huku Brazili kusoma wameniuliza hili jambo mpaka basi, ngoja niliandike mara moja liishe. Mimi nimetokea kwenye malale, nyumbani Tanzania nimesoma slaidi za Trypanosoma brucei miaka kadhaa, nilipofika hapa Minas Gerais nikajua hii kazi nyepesi tu maana zote ni tripanosoma, jamii moja ya vimelea, kumbe wapi. Wiki ya kwanza nimepewa slaidi ya T. cruzi, ndo kimelea cha ugonjwa wa Chagas, nikaisoma yote nikairudisha nasema haina kitu, na ilikuwa nacho.

HATUA YA 1: jikinge kwanza. Mbung'o anakuambukiza kwa kukuuma, ila huyu mdudu wa huku, wanamuita barbeiro, yuko kama kunguni aliyekua akafika saizi ya mende, anakunyonya usiku umelala af anakunya hapohapo. Kimelea kiko kwenye kinyesi, we ukijikuna au ukajifikicha jicho ndo umekiingiza mwenyewe. Sasa hesabu mwenyewe kwa maabara: tone moja likurukie jichoni limetosha. Vaa miwani ya kukinga, glavu, na sindano achana nayo kama kuna njia nyingine. Na usidanganyike eti kalcha (vimelea vilivyooteshwa kwenye chupa) ina epimastigoti tu, zile zisizoambukiza, kalcha ikizeeka kuna zinazobadilika kuwa za kuambukiza na ukiitazama chupa kwa macho hujui ipi ni ipi.

HATUA YA 2: damu mbichi. Weka maikrolita 5 kwenye slaidi, funika na kava slipu, tumia lenzi ya 40. Usihangaike kutafuta kimelea chenyewe, tafuta fujo, yaani chembe nyekundu zinavyosukumwasukumwa kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni, hapo katikati ndo yupo. Anakimbia balaa, ukichelewa kuzungusha stegi keshapita.

Kama hamna kitu usikate tamaa, vuta damu kwenye kapilari (kamrija kembamba ka kioo) yenye heparini ya kuzuia isigande, ziba upande mmoja, zungusha kwenye sentrifuji ya hematokriti dakika 5, halafu ukague pale kwenye kamstari keupe kati ya plazma na chembe nyekundu. Ndo ileile njia ya Woo mnayoijua kwenye malale. Huku wanaitegemea sana kwa vichanga waliozaliwa na mama wenye Chagas, maana mtoto anakuwa bado ana antibodi za mama yake kwahiyo kipimo cha antibodi hakikusaidii miezi ya mwanzo, lazima ukione kimelea chenyewe. Kapilari zinavunjika hizo, shika taratibu, ukimaliza tupa kwenye boksi la vyenye ncha kali.

HATUA YA 3: sasa slaidi ya rangi. Vuta damu iwe nyembamba, ikauke haraka (ikikauka polepole vimelea vinajikunja vibaya), tia methanoli dakika 3 iache ikauke. Giemsa changanya asilimia 10 kwenye bafa (maji ya kushikilia asidi isibadilike) ya pH 7.2, dakika 20, suuza, simamisha slaidi ijikaushe yenyewe. Hapa kwenye bafa ndo nilipofeli mimi. Ile slaidi niliyosema haina kitu, rangi yake niliichanganya na maji ya bomba kwa uvivu, asidi ikawa juu, kila kitu kikatoka pinki pinki, viini havionekani na chembe nyekundu zimenawiri. Rudia na bafa uone tofauti. Na Giemsa ichujwe, la sivyo utakaa unahesabu madoa ya rangi ukidhani ni kinetoplasti, kile kidoa cha kimelea nitakachokueleza hatua ya 4.

HATUA YA 4: weka mafuta, lenzi ya 100, anza kutambua. Cruzi kwenye damu amejipinda kama herufi C, au S, urefu kama maikromita 20 hivi. Cha kuangalia kuliko vyote ni kinetoplasti, kile kidoa cheusi-zambarau karibu na ncha ya nyuma. Kwa brucei ni kadoa kadogo kama nukta ya kalamu, kwa cruzi ni kidude kikubwa, cha duara, mpaka kinavimbisha mwili pembeni kama mtu amemeza bamia nzima. Ukishakiona mara moja hukisahau. Pili, ukimkuta tripanosoma anajigawa kwenye damu, huyo si cruzi, cruzi anajigawia ndani ya seli akiwa amastigoti (umbo lake la ndani ya seli), kwenye damu anapita tu. Tatu, huku kuna T. rangeli, anakaa kwenye wadudu haohao na watu haohao ila haumizi mtu, ni mrefu, mwembamba, kinetoplasti kadogo. Ukimchanganya na cruzi umempa mtu ugonjwa asionao.

HATUA YA 5: kuandika majibu, na hapa naomba msome polepole. Vimelea vinaonekana kwenye damu miezi kama miwili ya mwanzo basi, baada ya hapo vinajificha kwenye misuli, moyo ukiwemo. Carlos Chagas, daktari ambaye ugonjwa umepewa jina lake, alipokiona hiki kimelea kwenye damu ya binadamu mara ya kwanza, 1909 pale Lassance, hukuhuku Minas Gerais, maabara yake ilikuwa behewa la treni na mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 2, Berenice, akiwa na homa bado ya moto. Angempima miaka kumi baadae kwa slaidi asingeona kitu, na Berenice aliishi mpaka uzeeni. Kwahiyo mtu mzima akija na moyo umetanuka na slaidi yake safi, mimi naandika "vimelea havijaonekana", siandiki "hana Chagas", halafu naomba damu ya serolojia (vipimo vya antibodi), vipimo viwili vya aina tofauti, vikipingana naomba cha tatu.